Mbegu ya Kuweka na Mbegu ya Kununua: Somo kwa Vikundi

Somo la toleo hili linahusu mbegu. Tunawaomba mlisome pamoja mkutanoni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kisha mjadiliane juu ya maswali yaliyo mwishoni. Mkiweza lisomeni kabla ya kununua mbegu ya msimu. Baada ya kupanda huwa tumechelewa.

Huku kwetu Masimba, na pande zote za Kisii na Nyamira, mashamba yamekuwa madogo. Baba aliwagawia wanawe, wana nao wakawagawia wana wao, na sasa familia nyingi zinalima kipande kisichofika ekari moja. Mwenye shamba kubwa akipoteza kona moja kwa mbegu mbaya, ana kona nyingine. Sisi hatuna kona nyingine. Robo ekari ikikosa kuota, chakula cha nyumba kimekwenda, karo imekwenda, na mchango wa kikundi umekwenda.

KOSA LETU WENYEWE

Tunataka kuanza kwa kukiri kosa. Msimu mmoja wa mvua ndefu kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa na akiba kidogo. Sisi tukawashauri wanunue mbegu ya mahindi kwa pamoja, na shauri hilo lilikuwa zuri. Lakini tulipoona bei ya pakiti dukani tukaogopa. Sokoni kulikuwa na mtu mwenye mbegu ndani ya gunia, ina rangi ya dawa kabisa, naye anapima kwa gorogoro kwa bei ya chini sana. Akasema imetoka kwa kampuni, ni vile tu haijafungwa. Tukaamini. Hatukuomba risiti, wala hatukuuliza jina la mbegu.

Mvua ilinyesha vizuri. Watu walilima kwa zamu, wakaweka mbolea, wakapanda kwa mistari kama walivyofundishwa. Baada ya wiki mbili mashimo mengi yalikuwa matupu. Yale mahindi yaliyoota yalikuwa ya kila namna, mengine marefu, mengine mafupi, mengine yakitoa maua wakati wenzake bado yako magotini. Waliopanda mara ya pili walikutwa na jua. Ilipofika wakati wa kuvuna, akina mama walikuwa wananunua unga wa dukani kwa pesa walizokuwa wamepanga kulipia karo.

Kikundi kilikaribia kuvunjika. Akiba ilikuwa ya wote, na kila mmoja alitaka kujua ni nani alisema wanunue pale. Basi, ni sisi tulisema.

Katika kikundi hicho kulikuwa na mama mmoja mzee. Maharagwe yake, aliyoyapanda katikati ya mahindi, yaliota karibu yote. Tukamwuliza, "Mama, maharagwe haya ulinunua wapi?" Akacheka, akasema, "Nilinunua kwa kibuyu changu." Tukafikiri tumepata jibu: kumbe kila mtu ajiwekee mbegu yake, mambo yaishe!

Lakini yeye mwenyewe akatupeleka upande wa pili wa shamba. Huko alikuwa amepanda punje za mahindi ya haibridi aliyovuna mwaka uliotangulia. Yaliota, ndiyo, lakini mabua hayakulingana na magunzi yalibeba punje chache. Akatuambia, "Maharagwe yananisikia. Haya mahindi hayanisikii."

Maneno ya mama huyo ndiyo somo letu la leo. Kuna mbegu inayomsikia mkulima, ambayo anaweza kuiweka mwenyewe, tena ikawa nzuri. Kuna nyingine isiyomsikia hata akiitunza namna gani, hiyo ni lazima anunue. Asiyejua tofauti yake hupoteza mara mbili: hununua ile ambayo angeweza kuiweka, na huweka ile ambayo alipaswa kuinunua.

KWA NINI MAHARAGWE HUSIKIA NA HAIBRIDI HAISIKII

Tuangalie ua. Ua la haragwe lina sehemu ya kiume na ya kike mahali pamoja, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Ukipanda Rosecoco unavuna Rosecoco, na mwaka ujao vivyo hivyo. Wimbi, ambalo wazee wetu huliita obori, nalo hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa.

Hata yale maharagwe tunayoyaita ya kawaida sokoni yalipita mikononi mwa watafiti. Rosecoco huitwa GLP 2, Canadian Wonder ni GLP 24, na yale mekundu madogo ya Wairimu ni GLP 585. Herufi hizo tatu zinatokana na mradi wa utafiti wa jamii ya kunde uliokuwa Thika, na mbegu hizo zilienea kwa wakulima kuanzia miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya kuenea huko haikupitia dukani. Mkulima alimpa jirani, jirani akampa shemeji yake.

Mahindi ni tofauti. Ua la kiume liko juu kichwani, na la kike ni zile nywele za gunzi. Vumbi la kichwani hubebwa na upepo, na upepo haujui mpaka wa shamba. Hindi lako linaweza kuwa limechavushwa na hindi la jirani.

Haibridi nayo ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa makusudi. Tuchukue mfano wa H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964. Mzazi mmoja alikuwa mahindi ya Kitale, na mwingine alitoka nchi ya Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Shambani kwa wazalishaji, mistari ya mzazi mmoja hukatwa vichwa ili ichavushwe na mzazi wa pili peke yake. Mtoto anayezaliwa ana nguvu kuliko wazazi wote wawili. Ukichukua punje za mtoto huyo ukazipanda, unapata wajukuu. Mmoja anafuata babu, mwingine anafuata nyanya, na ile nguvu inapungua. Ndiyo maana mahindi ya yule mama hayakulingana. Hakukosea kutunza. Hiyo ni tabia ya haibridi yoyote.

Basi tugawe mbegu zetu mafungu matatu:

1. Za kuweka: maharagwe, wimbi, na mboga za kienyeji kama chinsaga, rinagu na mchicha.

2. Za kununua kila msimu: mahindi ya haibridi, na mboga za haibridi kama aina nyingi za kabichi.

3. Za kuweka kwa uangalifu mkubwa: mahindi ya kienyeji yasiyo haibridi. Haya yanawekwa, lakini msichague magunzi mawili matatu tu makubwa. Chagueni kutoka kwa mimea mingi, mia moja hivi ikiwezekana, tena katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Mbegu ya mahindi iliyotoka kwa mimea michache hudhoofika mwaka hadi mwaka.

MBEGU YA KUNUNUA: TUNUNUE VIPI?

a) Jueni jina la mbegu inayofaa mahali penu. Msiseme tu, "Nipe mbegu ya mahindi." Mbegu za Kitale zinazoanza na 6, kama H614 na H6213, zilitengenezwa kwa nyanda za juu kama Masimba, na hukaa shambani miezi 6 hadi 8. Zinazoanza na 5, kama H513 na H516, ni za maeneo ya kadiri, nazo hukomaa mapema zaidi. Anayepanda ile ya miezi 8 kwenye mvua fupi asishangae ikikutwa na kiangazi. Mwulizeni afisa wa kilimo, au watafiti wa KALRO walio Kisii, ni ipi inafaa mwinuko wenu na msimu wenu.

b) Nunueni kwa muuzaji mwenye kibali. Shirika linalokagua mbegu nchini ni KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996. Muuzaji wa mbegu anatakiwa kuwa na kibali chake. Kuomba kukiona si utovu wa adabu. Mwenye nacho hatakasirika.

c) Angalieni pakiti. Isiwe imefunguliwa, kushonwa upya au kutobolewa. Someni tarehe. Pakiti ina stika ya KEPHIS yenye namba iliyofichwa. Kwangueni stika, mtume namba hiyo kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, nanyi mtajibiwa ni mbegu gani. Jibu lisipolingana na maandishi ya pakiti, rudisheni. Fanyeni hivi mkiwa bado dukani, si nyumbani.

d) Msidanganywe na rangi. Mbegu ya kampuni hupakwa dawa yenye rangi, lakini rangi mtu yeyote anaweza kupaka. Sisi tulinunua rangi. Na mbegu iliyopakwa dawa msiile kamwe, wala msiwape kuku, na mkimaliza kupanda noeni mikono kwa sabuni.

e) Chukueni risiti, mtunze pakiti tupu pamoja na konzi moja ya mbegu hadi mavuno. Mbegu ikikataa kuota, hivyo ndivyo vitu vya kumpelekea afisa. Sisi hatukuwa na hata kimoja, na yule mtu wa sokoni hatukumwona tena.

f) Nunueni pamoja. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiwa na robo ekari, kina ekari 5, yaani kilo 50, sawa na pakiti 25 za kilo 2. Mteja wa pakiti 25 husikilizwa kuliko mteja wa pakiti moja. Anaweza kupunguziwa bei, na anaweza kuagiza mapema kabla mbegu nzuri haijaisha dukani. Mweka hazina aanze kukusanya pesa mara tu baada ya mavuno, wakati mfuko bado una kitu.

MBEGU YA KUWEKA: TUWEKE VIPI?

Wengi wetu huchagua mbegu jikoni. Tunavuna, tunapukuchua, tunakula, tunauza, na ile inayobaki pembeni ya gunia ndiyo tunayoiita mbegu. Hayo ni makombo. Yule mama mzee alituonyesha kwamba yeye huchagua mbegu yake maharagwe yakiwa bado yamesimama shambani. Tufuate hatua hizi:

Hatua ya kwanza: chagueni shambani. Maharagwe yakiwa yamebeba, tembeeni mistarini na vipande vya kamba au majani makavu ya migomba. Fungeni alama kwenye mimea yenye afya iliyobeba sana. Msichague ile iliyo peke yake kwenye mbolea nyingi, maana ule uzuri ni wa mbolea. Chagueni iliyofanya vizuri ikiwa katikati ya wenzake.

Hatua ya pili: kataeni ugonjwa. Magonjwa mengi ya maharagwe husafiri ndani ya mbegu yenyewe. Maganda yenye madoa meusi yaliyobonyea, majani yaliyojikunja yenye mabaka ya kijani na manjano, majani yaliyoungua kando kando kama yamepitiwa na moto: mimea hiyo msiichukue mbegu hata kama ina punje kubwa. Na mahindi vilevile. Mwaka 2011 ugonjwa unaoua mahindi kwa kuyakausha, ule wa virusi viwili vinavyoshirikiana, ulionekana mara ya kwanza hapa Kenya kwa jirani zetu wa Bomet, kisha ukaenea sehemu nyingi. Huenezwa na wadudu na kwa kiasi kidogo na mbegu, nao hupenda shamba linalopandwa mahindi juu ya mahindi bila kupumzika. Kwa hiyo mahindi yakikauka kuanzia majani ya katikati yakiwa bado machanga, yang'oeni, na msimu unaofuata pandeni maharagwe, viazi au mboga.

Hatua ya tatu: vuneni kwa wakati na mkaushe vizuri. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mbegu huoza ikiwekwa mbichi. Anikeni juu ya mkeka au turubali, si juu ya udongo. Jua likiwa kali sana la mchana, sogezeni kivulini penye upepo. Pigeni maharagwe polepole, maana yakipasuka hayataota. Sisi tunaokaa penye mvua nyingi na ukungu wa asubuhi tusikimbilie kufunga.

Jaribio la chumvi: chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tieni chumvi kavu hadi robo ya chupa, kisha mbegu kidogo juu yake. Fungeni, mtikise kwa dakika moja, mwache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ina maji, rudisheni juani. Chumvi ikiteremka bila kuganda, mbegu imekauka kiasi cha kuwekwa.

Hatua ya nne: wekeni pasipo hewa. Fukusi ni mdudu anayepumua kama sisi. Chombo kikijaa mbegu hadi mdomoni na kikafungwa vizuri, hewa huisha naye hufa. Vibuyu, chupa za plastiki zilizokaushwa, mitungi ya mafuta iliyooshwa, na ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa, vyote vinafaa. Mbegu isipojaza chombo, jazeni nafasi iliyobaki kwa majivu makavu yaliyochekechwa. Yule mama huchanganya maharagwe yake na majivu tangu zamani. Hakufundishwa na mradi wowote. Wekeni chombo mahali penye baridi, mbali na jiko, na mwandike juu yake jina la mbegu na tarehe.

Hatua ya tano: jaribuni kuota kabla ya kupanda. Hesabuni punje 100 bila kuchagua. Zipangeni juu ya kitambaa au gunia lililoloweshwa, mlikunje, mlilinde lisikauke. Baada ya siku 7 hesabuni zilizoota vizuri. Zikiwa 85 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa kati ya 70 na 84, ongezeni punje kwenye shimo. Zikipungua 70, tafuteni mbegu nyingine mapema. Jaribio hili halina gharama yoyote. Tungelifanya msimu ule, tungejua kabla ya mvua kwamba tumeuziwa chakula cha kuku.

NENO KUHUSU CHINSAGA NA WIMBI

Mbegu za mboga zetu za kienyeji huwapa watu shida kwa sababu ni ndogo sana. Chinsaga ikikomaa, vifuko vyake hupasuka na kumwaga mbegu chini. Kateni vifuko vikianza kuwa vya manjano, kabla havijapasuka, mvikaushe ndani ya mfuko wa karatasi au juu ya kitambaa. Tena msipande mara moja. Mbegu mpya ya chinsaga huwa imelala, na huota vizuri zaidi ikikaa miezi 3 au zaidi. Watu wengi husema mbegu ni mbaya, kumbe hawakuipa muda. Jambo lingine ni hili: acheni mimea kadhaa bora bila kuchuma majani yake hata kidogo. Mama wa mbegu hachumwi.

Rinagu huvunwa matunda yakiwa yameiva kabisa. Yapondeni ndani ya maji, mbegu nzuri huzama na uchafu huelea. Mwageni uchafu, mwoshe tena, kisha mkaushe kivulini.

Wimbi chagueni masuke makubwa yenye afya yaliyokomaa pamoja, na mkate mkiwa na macho. Magugu yanayofanana na wimbi yakiingia kwenye mbegu leo, mtayapalilia kwa miaka.

HIFADHI YA MBEGU YA KIKUNDI

Mtu mmoja akiweka mbegu yake, njaa ikija nyumbani ataila, na hatumlaumu. Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na faida. Wazee wetu walikuwa na egesangio, wakalima kwa zamu shamba la huyu leo na la yule kesho. Mbegu nayo yaweza kushikwa kwa namna hiyo.

Hebu tupige hesabu. Kikundi kinunue kilo 2 tu za maharagwe yaliyothibitishwa. Kilo 2 zinatosha kipande kidogo, takriban sehemu ya kumi na mbili ya ekari. Kilo moja ikipandwa na kutunzwa vizuri inaweza kutoa kilo 10, wakati mwingine zaidi. Msimu wa kwanza mna kilo 20. Msiuze, msile. Msimu wa pili zigaweni kwa wanachama wachache wenye bidii wazipande kwa ajili ya wote, zinahitaji karibu ekari nzima kwa jumla. Mkifaulu mna kilo 200, yaani kilo 10 kwa kila mmoja wa wanachama 20. Huku kwetu misimu ni miwili kwa mwaka, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mwaka mmoja. Mvua ikiharibika mtapata kidogo, lakini njia ni hiyo hiyo.

Kanuni ambazo tumeona zikisaidia ni hizi:

– Anayekopa gorogoro moja hurudisha moja na nusu baada ya kuvuna, tena ikiwa safi na kavu.
– Mbegu iwekwe katika nyumba mbili tofauti. Moto au panya wakipita kwa mmoja, kwa mwingine imebaki.
– Watu watatu washike daftari: nani amechukua, mbegu gani, lini, na iliota ngapi kati ya 100.
– Kabla ya kuipokea, mbegu inayorudishwa ipimwe kwa chumvi mbele ya mwenyewe.
– Baada ya misimu mitatu au minne nunueni tena kidogo iliyothibitishwa, ili kusafisha magonjwa yaliyojikusanya.

SHERIA INASEMAJE?

Vikundi vingi vimetuuliza, "Si tutafungwa tukipeana mbegu?" Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura 326, baada ya kufanyiwa mabadiliko mwaka 2012, iliweka adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa makosa ya kuuza mbegu isiyothibitishwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda kortini kuipinga. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vilivyomwadhibu mkulima kwa kuweka, kubadilishana na kuuza mbegu yake vinakwenda kinyume cha Katiba. Na Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za asili na umiliki wa jamii zinazozitumia.

Hii haina maana kwamba mtu aweza kufunga punje za sokoni kwenye pakiti ya kampuni. Huo ni wizi, nasi tumeuonja. Kikundi kinachotaka kuuza mbegu kwa wingi kwa watu wa nje kionane kwanza na afisa wa kilimo na KEPHIS kijue taratibu zilivyo. Jirani zetu wa Tanzania wana daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambalo wakulima waliofunzwa huzalisha mbegu chini ya ukaguzi na kuiuza katika eneo lao. Ni mfano mzuri wa vile mkulima mdogo anavyoweza kuwa mzalishaji wa mbegu.

MWISHO

Labda mnauliza kile kikundi kiliishia wapi. Tulirudi kwao, tukakubali kosa mbele ya wote, tukachanga sehemu ya hasara. Haikutosha, lakini ilituwezesha kukaa chini pamoja. Wanachama wawili walikuwa wamekwisha kutoka, na hawajarudi. Waliobaki walimwomba yule mama mzee awafundishe kuchagua maharagwe, na mahindi wakakubaliana kununua pakiti kwa pamoja, hata kama ni kwa kipande kidogo kuliko kawaida. Sasa kabla ya kila msimu wanakunja gunia bichi lenye punje 100, na siku ya saba kikundi kizima huja kuhesabu. Mama huyo ndiye anayehesabu wa mwisho.

Katika toleo lijalo tutaongea juu ya mbegu zisizo punje: machipukizi ya migomba na miche ya viazi vitamu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kila mmoja ataje mbegu alizopanda msimu uliopita. Ni zipi aliweka, ni zipi alinunua, na je, alizigawa mafungu sawa?

2. Kuna nani kijijini mwetu, hasa kati ya wazee, anayejulikana kwa mbegu nzuri? Tumewahi kumwomba atufundishe?

3. Ni mbegu gani ya zamani ambayo haionekani tena kwetu? Nani anaweza kuwa bado anayo?

4. Tukianza hifadhi ya mbegu, nani watashika daftari, na tutafanyaje mtu akishindwa kurudisha kwa sababu ya njaa?

5. Kabla ya mkutano ujao, wanachama watatu wafanye jaribio la punje 100 na walete majibu. Mbegu yenu ilipata ngapi?